Marehemu Cuthbert Robson, Mgonga Ribiti wa Hebburn

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba mkwe wangu, Mzee Cuthbert Robson, aliyezaliwa hapa Hebburn, kando ya mto Tyne, tarehe 14 Machi 1866, akasoma shule ya kanisa hadi 1877, kisha shida za nyumbani zikamtoa darasani zikamwingiza kiwanda cha meli, alikogonga ribiti, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabati ya meli, miaka arobaini na ushee mpaka masikio yake yakafa.

Mwaka 1890 alifunga ndoa na Hannah Charlton, wakajaliwa Ralph mwaka 1895, na mke wangu Isabel mwaka 1898.

Miaka ile Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikitunishiana misuli baharini, wao wakishusha manowari moja sisi tunataka kushusha mbili, na ushindani huo ndio uliotulisha, kwani kila habari za meli yao mpya zilipofika marehemu alirudi nyumbani akipaza sauti, "Hannah, wameshusha nyingine! Weka nyama chunguni!" na mtaa mzima tukacheka.

Mwaka 1913 Ralph alitaka ubaharia katika manowari iliyojengwa kiwandani kwetu, mama yake akakataa katakata, lakini marehemu akasema, "Hannah, manowari ile nimeigonga kwa mikono hii, mtoto atakuwa salama humo kuliko kitandani kwake," naye Hannah akamfungashia mwanawe nguo.

Mwaka uliofuata wakubwa wa Ulaya, waliokuwa wamefungana kwa mikataba ya kulindana, walivutana vitani mmoja baada ya mwingine, na tarehe 31 Mei 1916, katika bahari ya Denmark, manowari ile ilizamishwa na Wajerumani na Ralph wetu ndani. Hannah, aliyefariki 1922, hakumlaumu mumewe hata siku moja, na hilo ndilo lililomchosha mzee kuliko nyundo.

Kifua kilimwanza 1933, kiwanda kikiwa kimefungwa. Jumatatu tarehe 10 Februari mwaka huu msimamizi wa kiwanda alikuja mbio, akampigia kelele sikioni, "Mzee, kazi imerudi! Wajerumani wanajenga tena, mkweo aje!" Nilifurahi, sifichi, nimekaa bure miaka minne. Yeye alimshika Isabel mkono, akasema, "Msipike nyama," asiseme tena hadi alipofariki Alhamisi tarehe 13 Februari 1936.

Tunamshukuru daktari, majirani mlioleta makaa na supu, na wenzetu wa kiwandani, ambao kesho alfajiri tunaingia pamoja kazini. Mtatusamehe, mezani leo hakuna paja la nguruwe kama desturi ya misiba yetu, kuna mkate na chai tu.

Lala, Baba, umechoka.