Nesi wa Jumanne

Benchi langu ni ubao uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa duka la spea. Kila alasiri wanakaa walewale: Kinyozi, Dereva Mstaafu na Redio, ambaye hanyamazi. Mimi nauza kahawa. Leo ni Jumanne ya tatu nesi wa zahanati hajaonekana, nao wanakisia tu. Mimi najua: amehamishwa. Mwaka wa sita huu natumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na mtaa mzima aliyejua ni yeye peke yake. Hata wanangu sijawaambia.

— Alikuwa ananifuata mimi, Kinyozi akasema.

— Wewe na hicho kipara? Dereva Mstaafu akacheka.

— Mpelelezi yule, bwana! Redio akadakia. Nesi gani anakaa na kikombe kimoja mpaka sote tuondoke?

— Apeleleze nini hapa, meno yako?

— Anahesabu wanaokohoa. Wakifika kumi, mtaa unafungwa!

— Acha uongo wewe. Yule alikuwa na waume wawili, Dereva Mstaafu akasema. Hapa alikuwa anapumzika tu kabla ya kwenda kwa wa pili.

Wakacheka mpaka ubao ukatikisika. Mimi naosha vikombe.

Mwaka wa kwanza dawa zilinitapisha, nikaziacha. Nesi akawa anakuja hapa akitoka kazini, siku tisa mfululizo. Anaagiza kahawa asiyoipenda, anangoja wateja waishe, ananiuliza: "Leo umemeza?" Siku ya kumi nikameza mbele yake. Tangu hapo akawa anakuja kila Jumanne.

Fundi bomba, aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Akauliza:

— Kwani huyo nesi anaitwa nani?

Redio akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Dereva.

— Si... nesi tu.

— Miaka yote hiyo?

— Mama, Redio akanigeukia, wewe ndiye ulikuwa unabaki naye. Anaitwa nani?

Jina lake nalijua, na la mtoto wake wa mwisho pia. Lakini nikilitaja, swali la pili litakuwa tulikuwa tunazungumza nini.

— Sijui, nikasema. Alikuwa mteja tu.

Nikainua birika, zito bado, nikawaambia kahawa imekwisha.