Kufuli la Kinyozi

Benchi letu liko mbele ya duka la Kinyozi, ambalo halmashauri imelifunga, huu mwezi wa kumi na nne sasa. Walitunga sheria ndogo: vinyozi wote wafunge saa kumi na mbili jioni. Wateja wa Kinyozi ndio kwanza hutoka kazini saa hiyo. Akakaidi, akafungiwa, akaenda mahakamani kudai kwamba katiba inampa haki ya kufanya kazi. Juzi kashinda. Nilidhani nitamwona na mkasi mkononi. Amerudi na karatasi ya hukumu, akaketi nasi, akamiminiwa kahawa. Mimi nimechoka kumwona hapa.

— Wamesema sheria ni batili, — alisema. — Lakini kufuli liko palepale.

Wakili, tunayemwita hivyo kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi, akamwonya asiguse kitu.

— Ukilikata hilo, umeikata halmashauri yenyewe.

Redio, fundi redio asiyezimika, akaenda mbali zaidi. Kama sheria ni batili, basi duka halijawahi kufungwa hata siku moja, ila macho yetu hayajapata taarifa. Kinyozi aanze kunyoa watu kupitia dirishani, vichwa vyao ndani, miili nje. Tulicheka kidogo, basi tu.

Ndipo Kinyozi akatuambia jambo alilolificha muda wote huo. Kufuli ni lake. Siku ile maofisa walikuja na barua na mihuri, wakasahau kufuli. Akawaazima lake.

— Walikuwa wametembea juani, jamani. Niliwaonea huruma.

Wakaondoka na funguo zote mbili. Ofisa aliyezichukua amehamishwa, na watu wa mapokezi wanamwambia aandike barua. Ameandika tatu. Mimi niliumia, nikatazama pembeni.

Akatokea mzee mmoja, mteja wake wa zamani, ndevu zimemfika kifuani. Akatusalimia, tukamwamkia, akamshika Kinyozi mkono.

— Hongera, mwanangu. Nimesikia mahakama imekupa haki yako. Sasa nije saa ngapi?

Wakili akachungulia kikombe chake. Kinyozi aliikunja hukumu yake, akaitia mfukoni, akasogea kumpisha mzee kwenye benchi.