Maneno Mawili Yaliyomkosesha Raha Mama Kadi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kamusi, Mama Kadi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa sisi wenzake, kwa sababu hakubali kueleza maana ya neno lolote la Kiingereza kabla hajajaza kadi hamsini zenye sentensi za watu waliolitumia. Ukinung'unika kwamba arobaini zinatosha, kumi zilizobaki unazitafuta wewe.

Alianza kama karani wa kupiga chapa, akawa msomaji prufu, kisha mhariri. Amesimamia matoleo matatu, na wahariri wote sita tuliomo humu ni yeye aliyetufunza. Wageni humwona mpole. Sisi tuliowahi kurudishiwa ukurasa mmoja mara nne tuna maoni yetu.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mwanafunzi mmoja wa uuguzi alituandikia barua. Alitafuta "relatively", kamusi ikamwambia atazame "comparatively". Alipofika huko, akaambiwa atazame "relatively". Aliuliza, kwa adabu zote, azunguke mpaka lini. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mama Kadi hakucheka. Siku hiyohiyo alianza kukusanya kadi za maneno hayo mawili.

Mwaka huu, toleo jipya likikaribia kwenda mtamboni, alisema haondoki mpaka ayatenganishe. Mkurugenzi akampa hadi Ijumaa. Basi akatuletea chai! Wengine tulipewa vikombe viwili, wengine kimoja, kila mtu aseme utamu wake. Sisi wenye viwili tulisema hiki kina sukari kuliko kile. Dereva wa ofisi, mwenye kimoja, alisema ina sukari kiasi. Mama Kadi akamdaka papo hapo: kiasi, ukilinganisha na nini? Dereva akasema na chai anayoijua yeye.

Mama wa watu alirudi kwenye kadi zake mbiombio. Nyingi zilikubaliana na dereva: "comparatively" hupenda kitu cha pili kiwepo karibu, kimetajwa, ilhali "relatively" huridhika na kipimo alichonacho msemaji kichwani. Kadi tisa zilikataa, naye akaeleza hilo pia, kwamba mara nyingine watu hawayatofautishi. Alhamisi saa tisa alasiri akatia sahihi.

Ndipo akatuambia jambo tusilolijua. Mzunguko ule aliuandika yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza wa uhariri, akiwa na haraka ya kufunga ukurasa, na ulikuwa ukimuuma tangu barua ile ifike. Alimwandikia msomaji yule kumwomba radhi, akaambatisha maelezo mapya.

Jibu limefika wiki hii. Mwanafunzi yule sasa ni muuguzi mkuu wa wodi, na anasema swali lenyewe alishalisahau kabisa.

Tunakutakia afya tele na siku nyingi za raha, Mama Kadi. Asante kwa kulikumbuka kwa niaba yake.