Isaka Hamalizi Salamu

Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu mzima anaweza kukumbuka jina la mbwa wa jirani aliyekufa zamani, yeye akiwa bado mtoto wa shule, lakini asikumbuke ndoto iliyomliza mpaka mto ukalowa, naye ndiyo kwanza anafumbua macho. Nimesoma nilichoweza kupata, nimeuliza watu ninaowaamini, na bado. Mwaka huu jambo hilo lilifika kwenye benchi letu hapa Misigiri, lile linaloegemea ukuta wa mashine ya kukamua alizeti, ambapo Selina huuza kahawa asubuhi. Huwa tuko wale wale. Yupo Simeoni, tunamwita Katekista, aliyestaafu kufundisha dini lakini hakustaafu kusahihisha watu. Yupo Peniel wa mashine, tunamwita Mashudu, kwa sababu makapi ya alizeti iliyokamuliwa humganda mpaka kwenye nyusi. Yupo Derick wa bodaboda, tunamwita Bando, maana hata akikosa petroli intaneti haikosi. Na yupo Isaka, mkulima wa vitunguu, ambaye hatujampa jina la utani kwa kuwa haongei vya kutosha kupewa.

Baba yake Isaka alifariki msimu uliopita. Siku ile simu ya mzee ilimtafuta Isaka, naye alikuwa Mitundu amefuata asali, ndani kabisa porini, mahali pasipo na mtandao. Alipotoka huko alikuta ujumbe tu kwamba alitafutwa. Alipofika nyumbani mzee alikuwa ameshazikwa, na aliyesema asisubiriwe ni kaka yake mkubwa, Amosi. Tangu hapo Isaka alikuwa hajakanyaga kwa Amosi, ambako ndiko kaburi liliko. Alichotaka kilikuwa kimoja: kujua baba yake alitaka kumwambia nini. Na baba alikuwa akimjia ndotoni, ila kukicha Isaka alikuwa haambulii kitu. Ndipo Bando akamshauri aweke daftari chini ya mto.

— Daftari linaendaje, mzee Isaka? Bando alimwuliza asubuhi moja.

— Linaendelea.

— Unaandika kabla hujashuka kitandani?

— Kabla sijageuka hata ubavu. Kama ulivyosema.

— Na unakumbuka?

Isaka alikizungusha kikombe kwenye kiganja.

— Mwanzoni nilikuwa naandika kwamba sikumbuki. Baadaye neno moja. Koti. Kesho yake, mlango wa bluu. Sasa hivi nakumbuka hata nisivyovitaka.

— Si nilisema? Watu wamelifanyia utafiti. Ukiandika kila siku, kichwa kinaelewa kwamba mwenyewe anazihitaji hizi ndoto. Kinaacha kuzifuta.

— Watu gani? aliuliza Katekista.

— Wataalamu.

— Wa wapi?

— Wa mtandaoni, Katekista. Kule hakuna wa wapi.

— Mimi nasema anakumbuka kwa sababu ana hamu. Mtu akilala anawaza kitu, ataamka nacho, awe na kalamu asiwe nayo.

— Na kabla ya daftari hakuwa na hamu?

Katekista alimnyooshea Selina kikombe aongezewe kahawa. Kwa Isaka niliona daftari limesaidia, ila Isaka ni mtu mmoja, na mtu mmoja hatoshi kuwa ushahidi.

— Siri yenyewe ni joto, alisema Mashudu. Mkiniletea alizeti iliyolala kwenye baridi, mafuta yanatoka kwa kusuasua. Ikiwa imepigwa na jua, yanatiririka. Ndoto nayo ikamue ingali ya moto. Ukishaenda chooni, ukaongea na mkeo, umebaki na mashudu.

— Bibi yangu alisema inatoka na mlango, alisema Selina huku akiongeza mkaa. Ukifungua mlango tu, nayo imekwenda. Kwa hiyo mzee Isaka asifungue mlango mpaka amalize kuandika.

— Na kuku wake atawafungulia nani? aliuliza Katekista.

— Kuku watasubiri. Kwani wana kikao?

— Hata dirisha aliangalie, Mashudu aliendelea. Na nguo. Inawezekana ndoto inakaa kwenye shati ulilolalia. Usilifue.

— Wewe shati lako lina ndoto za tangu lini? Selina alimwuliza.

Bando aliinua mkono kama trafiki.

— Tusitoke kwenye mada. Kukumbuka ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kujua unaota ukiwa bado unaota. Hapo unaweza kusimama ndani ya ndoto ukauliza unachotaka. Mzee Isaka, zoezi la kiganja umefanya?

Zoezi lenyewe alikuwa ametueleza siku nyingine. Mchana unatazama kiganja chako mara kwa mara, unajiuliza kwa dhati kama uko macho. Ukizoea, utajikuta unafanya hivyo hata ndotoni, na huko kiganja hakikai sawa.

— Nimefanya, Isaka alisema. Mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeumia mkono.

— Na?

— Na ikatokea.

Sote tulimgeukia. Hata Selina aliweka birika chini.

— Nilikuwa kwenye vitunguu vyangu. Nikaangalia kiganja, vidole vimezidi. Nikasema, Isaka, hapa unaota. Kugeuka, baba huyu hapa, amekaa kwenye tuta. Nikamwona vizuri kuliko ninavyowaona nyie.

— Ukamwuliza alikupigia simu ya nini siku ile? Bando alisogea mpaka ukingo wa benchi.

— Nikamwamkia.

— Sawa. Halafu?

— Akaitikia. Akaniuliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Akauliza mke. Akauliza watoto, mmoja mmoja. Akauliza ng'ombe. Akauliza majirani wa upande wa juu. Alipofika kwenye mvua, nikaamka.

Mashudu alitaka kucheka, akatazama uso wa Isaka, akaacha. Sisi wengine tulielewa. Mzee na wanawe walikuwa wakizungumza Kinyiramba, na katika nyumba ile salamu ilikuwa ndefu, na mkubwa ndiye aliyeimaliza. Mtoto aliyelelewa na mzee yule hawezi kumkatisha katikati.

— Hukumpata tena? niliuliza.

— Nilimpata tena. Tukaishia kwenye ng'ombe.

— Mzee Isaka, alisema Bando, na safari hii alisema kwa upole, ruka salamu. Ukimwona tu, uliza. Ile ni ndoto, ni kichwa chako mwenyewe. Hakuna wa kukulaumu.

— Amruke baba yake? Katekista aliuliza.

— Aruke salamu, si baba.

— Ni kitu kimoja. Umekutana na mzazi wako aliyekufa hukumuaga, halafu unamfuata na maswali kama mgambo. Hata akijibu, utakuwa umefaidi nini?

— Jibu.

— Basi afanye hivi, alisema Mashudu. Salamu aitoe huku huku kabla ya kulala. Akae kitandani aseme yote: watoto, ng'ombe, mvua. Akifika huko aingie moja kwa moja kwenye hoja.

— Nilijaribu hilo, alisema Isaka.

Isaka alikiweka kikombe kwenye benchi.

— Mke wangu alidhani nina homa. Na baba alianza upya. Alisema hakunisikia.

Bando alianza kueleza kwamba kuna watu huweka saa iwaamshe alfajiri, wakaandika, wakalala tena, ili warudi kwenye ndoto ile ile mahali walipoachia. Mashudu akadakia kwamba basi Isaka aandike salamu yote kwenye daftari, mzee akaisome mwenyewe. Selina akasema kama ni kuandika, bora aandike swali kwenye kiganja, si anakiangalia kila mara. Walikuwa wanaongea kwa nia njema kabisa, na kadiri walivyozidi kuongea, Isaka alizidi kuinama.

Mlangoni pa mashine alikuwa amesimama mwanamke mmoja mgeni, anasubiri zamu ya alizeti yake. Mashine ilikuwa imezimwa ipoe, kwa hiyo alikuwa amesikia yote. Alitusogelea, akapiga goti kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia. Selina akampa kikombe.

— Naitwa Eliza. Nimetoka Mtinko, nimekuja kumsaidia dada yangu kuvuna. Mnisamehe, sikukusudia kusikiliza. Naomba niulize kitu.

— Uliza, mama, alisema Katekista.

— Siku ile mzee alipopiga simu, alikuwa peke yake?

— Hapana, Katekista alimjibu. Alikuwa na mwanawe mkubwa, Amosi.

— Huyo Amosi yuko hai?

— Yupo. Anakaa hapo ng'ambo ya korongo.

— Na yeye anasema mzee alitaka nini?

Bando aliangalia simu yake, ingawa haikuwa imelia. Mashudu aliokota punje ya alizeti akaanza kuimenya. Tulikuwa tumewauliza wataalamu wasio na kijiji, tumeuliza joto, mlango na shati. Amosi hakuna aliyekuwa amemwuliza. Simlaumu mtu kwa hilo, hata mimi mwenyewe. Ndugu wawili wakiacha kusemezana, majirani hujifunza kulizunguka jina la mmoja wao, na baada ya muda kuzunguka huko kunaonekana ndiyo njia.

— Kama nimekosea, mniwie radhi, alisema Eliza. Mashine ikawashwa, naye akaenda kubeba gunia lake.

Katekista ndiye aliyeanza. Alisema jambo la ndugu linataka mtu wa kati, na kwamba yeye angekwenda Jumapili baada ya ibada, amwulize Amosi kama yuko tayari kumpokea mdogo wake. Mashudu aliafiki. Bando alisema atampeleka bure. Nami niliafiki. Isaka alimaliza kahawa yake, akasimama.

— Bando, nipeleke.

— Wapi?

— Kwa kaka.

— Si tumesema Jumapili?

— Nyie ndio mmesema.

Yaliyotokea huko alitusimulia mwenyewe baadaye, kwa maneno machache. Alimkuta Amosi anarekebisha zizi. Alisema shikamoo kaka, na kabla Amosi hajauliza habari za nyumbani, akamkatisha. Aliuliza baba alitaka kumwambia nini.

— Sijui, Amosi alimjibu. Alisema nimtafutie Isaka. Ndani mtandao ulikuwa haushiki, nikachukua simu yake nikapanda kichuguu cha nyuma. Nikapiga, ukawa hupatikani, nikapiga tena. Niliporudi kumwambia, alikuwa ameshaondoka. Na mimi sikuwepo, Isaka.

Hilo Amosi hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Ndiyo maana aliharakisha mazishi. Hakuweza kukaa chumba kimoja na mzee aliyemwacha akafa peke yake kwa ajili ya simu isiyopokelewa. Isaka alisema walikaa juu ya boriti za zizi mpaka ng'ombe wakarudi.

Waliamua kaburi lijengewe kabla ya mvua za kwanza. Amosi alifyatua matofali, Isaka alichota maji, na Bando, ambaye hakuna aliyemwomba, alileta saruji kwa pikipiki.