Aliyeonja Kwanza: Maisha ya Mama Truphena Aoko Obare (1957–2025)

Mama Truphena Aoko Obare, tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025, hapa nyumbani kwake nje ya mji wa Awendo, alizaliwa tarehe 3 Mei 1957 karibu na soko la Rodi Kopany, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Homa Bay. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Zablon Oyaro na marehemu Mama Peres Adongo, na alibatizwa akiwa mchanga.

Alianza masomo mwaka 1965 katika shule ya msingi ya kijijini kwao, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Alifaulu, lakini baba yake alikuwa na uwezo wa kumpeleka mtoto mmoja tu sekondari, na nafasi hiyo akapewa kaka yake mkubwa. Hatukuwahi kumsikia akilalamika. Sisi wanawe, tuliofika chuo kikuu kwa jasho lake, hatujui hadi leo kama kimya chake kilikuwa cha kuridhika au cha staha, na tunakiri kwamba wasifu huu hautaweza kulijibu swali hilo.

Mwaka 1976 aliolewa na Bwana Silfanus Obare, dereva wa lori la miwa, ambaye alitutangulia mwaka 2009. Mungu aliwajalia watoto wanne. Kuanzia mwaka 1980 hadi alipostaafu mwaka 2012, Mama alikuwa mpishi katika kantini moja ya Awendo, akiwalisha wakata miwa, madereva na vibarua. Ni uji wake wa wimbi uliomletea jina ambalo wengi wenu mlimjua nalo, Mama Uji.

Ligi ya Miwa na Ziwa ilipoanzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya klabu za ridhaa za Migori na Homa Bay, Baba aliibeba timu yetu ya Trela kwa lori, na Mama alipanda pamoja na sufuria yake. Wachezaji walikuwa wakata miwa, wavuvi, walimu na waendesha boda boda, hakuna aliyelipwa. Jambo lililowatesa viongozi siku hizo lilikuwa hofu ya kurogwa. Timu ngeni haikupita langoni. Iliruka ua, isije ikakanyaga dawa. Haikugusa maji ya wenyeji, sembuse chakula chao. Vijana waliotoka kwao alfajiri walicheza na njaa, na kipindi cha pili kilipofika walikuwa wakianguka kama mahindi yaliyokosa mvua.

Mwezi Aprili 2010, timu ya Mnada kutoka Ogwedhi, mbali kule mpakani penye soko la mifugo, ilikuja kucheza na Trela hapa Awendo. Kipa wao, kijana aliyeitwa Mniko, alizimia golini. Wenzake wakasema amerogwa, mawe yakaanza kuruka, na mwamuzi akajificha nyuma ya sufuria za Mama. Mama alichota uji kwa agwata, ile kata ya kibuyu, akavuka uwanja katikati ya mawe hayo. Kipa alipozinduka alikataa kunywa. Mama akanywa yeye kwanza, mbele ya macho yake.

Mniko alimtazama, akasema, "Mama, kunywa tena. Na mara hii umeze, nione koo."

Mama akanywa tena. Mniko akaimaliza ile kata, akaomba nyingine, kisha akasimama na kurudi golini. Trela walifungwa siku hiyo, na mashabiki wetu wenyewe walimtania Mama miaka mingi kwamba ndiye aliyetufunga.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu ambao ligi inaufuata mpaka sasa: wageni hula kabla ya mechi, na mwenyeji huonja kwanza kutoka sinia lile lile. Kamati ilipomuuliza kwa nini wasile baadaye, Mama alijibu kwamba aliyefungwa hana hamu ya kula, na kwamba mtu aliyeshiba hukimbia polepole hata akitaka kurusha jiwe. Utaratibu huo haukukosa kasoro. Msimu wa kwanza, timu ya Radi ya Rodi Kopany, watu wa kwao Mama, waliwaandalia Mnada ugali na samaki aina ya mbuta kwa ukarimu wa kutisha, kisha wakawafunga mabao matano, wageni hao wakiwa hawawezi hata kuinama. Mama alikwenda mwenyewe kumkemea mdogo wake Javan, mwalimu wa timu ya Radi. Tangu siku hiyo ikakubaliwa: kabla ya mechi ni uji na viazi vitamu, ugali husubiri filimbi ya mwisho.

Kwa miaka kumi na zaidi ligi yetu haikumwona mtu akipigwa jiwe. Kisha, mwezi Juni 2022, mchezaji mmoja wa Mnada aliugua sana usiku baada ya mechi ya Rodi. Kliniki ilisema ni malaria. Ogwedhi ilisema ni uji. Mnada wakajitoa katika ligi, na Radi wakaapa kwamba hawatawapikia tena watu wanaowaita wauaji. Mama hakuwa amepika siku hiyo, lakini aliubeba mzigo huo kama wake. Alikwenda Ogwedhi mara kadhaa. Walimpokea kwa heshima, wakamkalisha kwenye kiti kizuri, wakazungumza naye habari za mvua na mifugo. Hakuna aliyemwambia kwamba watarudi. Nyumbani alisema kwamba ligi isiyo na Ogwedhi ni majirani wa karibu tu wanaojuana, na kwamba hakuvuka mawe kwa ajili hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 2023 alianza kupata shida ya kumeza, na mwezi Februari 2024 alibainika kuwa na saratani ya umio. Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia Homa Bay, kanisa, na majirani waliopokezana kumwogesha na kumwombea. Ilikuwa vigumu kwetu kuona kwamba aliyelisha watu wengi hivyo hawezi kula. Pengine kuna maana ndani yake. Sisi hatukuiona, na yeye hakutulazimisha kuitafuta.

Mwezi Julai mwaka huu, Mniko, ambaye sasa ni mwenyekiti wa Mnada, alikuja kumwona. Dada yetu Dolphine alikuwa amemletea Mama kikombe cha uji mwepesi. Mama hakukipokea.

"Mpe mgeni aonje kwanza," alisema.

Mniko alikichukua, akanywa, akameza huku ameinua kidevu ili Mama alione koo. "Nimeonja, mama. Hauna kitu."

"Hata sukari hauna. Hapo Dolphine amenionea." Kisha akamuuliza, "Mtarudi?"

Mniko alisema hawezi kumdanganya mgonjwa. Atazungumza na vijana wake. Mama aliitikia kwa kichwa, akanywa kilichobaki, chote. Alilala katika Bwana asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, akiwa mikononi mwa Dolphine.

Juzi Alhamisi, Mnada walifika hapa na fahali kutoka mnada wa Ogwedhi. Walisema wana ombi moja, kwamba achinjwe na kupikwa na watu wa Rodi. Mjomba Javan aliita vijana wa Radi waje na visu. Wamepika usiku kucha, na nyama hiyo ndiyo mtakayoandaliwa baada ya mazishi. Tulipomuuliza Mniko tuandike nini hapa kuhusu mechi ya ufunguzi ya msimu ujao, itakayochezwa Rodi Kopany, alijibu, "Andikeni kwamba tutakuja na njaa."

Mama Truphena ameacha watoto wanne, Dolphine, Levi, Marion na Bravin. Wakwe, wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Mdogo wake Javan Oyaro. Na klabu zote za Ligi ya Miwa na Ziwa, zikiwemo za Awendo, za Rodi Kopany na, tunaandika kwa shukrani, ya Ogwedhi. Tunawaomba msiondoke kabla ya kula. Radi wataonja kwanza.

Pumzika kwa amani, Mama Uji. Wageni wako wamepita langoni.