Muvuvi Aliyeuliza Chumvi

Amahoro, mama zangu, baba zangu. Mumeniomba niseme namna nilivyoinuka baada ya msiba. Nitasema, lakini musinikatize, maana nikianza kulia hamtasikia mwisho.

Uhuru ulipofika nilikuwa bado kijana. Nilijua kusoma na kuandika, na kiburi nilikuwa nacho cha kutosha. Nikaandika mchezo wa kuigiza kwa ajili ya sikukuu, hapa sokoni Rumonge. Muvuvi amemukosea mama yake, anarudi kuomba radhi. Nilimupigisha magoti, aseme: "Ewe mzazi wangu mpenzi, moyo wangu umejaa majuto!" Ndugu zangu, nawaambia, watu walicheka mpaka wauza mawese wakaacha vibuyu vyao. Aliyecheka kuliko wote ni bwana yangu aliyenioa, naye muvuvi kweli. Alisema huyo si muvuvi, ni katekista aliyepotea njia ya ziwa.

Nilinuna. Jioni alikuja na ndagala mbichi, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akasimama mlangoni, akauliza kama chumvi iko. Nikamujibu iko. Ugomvi ukaisha pale pale, na mimi mwandishi sikuona kitu.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji. Humu ndani nani hakupoteza mtu? Bwana yangu aliitwa na wakubwa wa serikali, akavaa shati lake la misa, akaenda. Hakurudi, wala hatukupata mwili wa kuzika. Mama yake, mama mkwe wangu, akakaa mkekani akafunga kinywa. Jina la mwanawe halitaji, chakula anaonja tu. Niliona wazi kwamba naye anaenda. Nikasema hapana, huyu simuachilii.

Sikuwa na dawa nyingine, nikarudi kuandika. Nikamuandika bwana yangu ili nimusomee mama. Nilimupamba sana: mupole, hakosi misa, anaongea kama barua ya askofu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu simujui," akasema, akageukia ukuta.

Jamani, iliniuma! Lakini alisema kweli. Marehemu alikuwa mubishi, alikula akiwa amesimama, na neno "nisamehe" halikuwahi kupita kinywani mwake. Nikafuta yote. Jirani yangu muuza ndagala akanipa nafasi kwenye meza yake, nikakaa nasikiliza namna watu wetu wanavyouliza habari za mbuzi wakati wanachotaka ni binti. Nilichoandika nilimusomea yeye kwanza. Neno la uongo lilimufanya akunje pua, nami nikalitoa. Msimu mzima wa mvua nilifanya hivyo.

Asubuhi moja nikakaa tena karibu na mkeka. Nikasoma: mutoto amemukosea mama yake, amerudi, amesimama mlangoni na ndagala. Haombi radhi. Anasema, "Mama, chumvi iko?"

Nikawa nageuza karatasi.

"Iko, mutoto wangu," mama akajibu. "Ingia."

Akalitaja jina la mwanawe. Tulilia, jamani, kilio chote tulichokuwa tunadaiwa. Siku ile alikula.

Jirani yangu, murakoze kwa meza na kwa pua yako. Na nyinyi vijana munaotaka kuandika, mutu musimuvalishe shati la misa. Mumuache aseme anavyosema, hata kama ni chumvi tu.

Mama mwenyewe yuko pale, benchi ya nyuma. Niliposimama alininong'oneza nifanye haraka, ndagala ziko juani. Hiyo ndiyo chumvi yake; munaomujua, mumesikia alichoniambia.