Olindo Baldacci, Aliyeingoja Treni

Wafiwa wenzetu wa Borgo Maggiore, marehemu Olindo Baldacci alizaliwa tarehe 3 Agosti 1944 ndani ya handaki la reli, ambamo wazazi wake, Primo na Assunta, walikuwa wamejificha kuyakimbia mabomu pamoja na maelfu ya watu, wakati treni iliyokuwa ikipanda kutoka Rimini, Italia, hadi huku kwetu San Marino ilikuwa imekwisha kufa kwa mabomu hayo, naye Primo, aliyekuwa mlinzi wa stesheni, akabaki na filimbi isiyo na kazi, ambayo baadaye alimkabidhi mwanawe akisema, "Itunze, treni watairudisha."

Alisoma hapa Borgo, akahitimu ualimu mwaka 1963, akafundisha Serravalle miaka ishirini na mitano, tarehe 12 Septemba 1970 akafunga ndoa na Nerina, wakajaliwa mtoto mmoja, Fiorenza, na mwaka 1978 akachaguliwa kuingia Bungeni, ambako hakuwa na hoja nyingine ila treni irudishwe, hata wazee wa mkahawani wakawa wanamtania kila asubuhi, "Mwalimu, leo imefika saa ngapi?" naye hujibu, "Imechelewa kidogo tu, we ongeza kahawa."

Tarehe 1 Aprili 1988 alitawazwa kuwa mmoja wa Wakuu wawili wa nchi kwa miezi sita, cheo ambacho kwetu hakikataliki, na aliye nacho hapigi kura, na tarehe 20 Septemba, hoja ya treni ilipofika Bungeni mwishowe, kura zikalingana, ishirini na tisa kwa ishirini na tisa, hoja ikaanguka kwa kukosa kura moja, na ni yeye aliyelazimika kuyasoma matokeo hayo kwa kinywa chake, mkufu wa heshima ukiwa shingoni. Watu husema mpewa hapokonyeki. Huyu wetu alipokonywa kwa kupewa.

Hakugombea tena. Alipatwa na kiharusi tarehe 9 Novemba 2018, akalazwa hospitali, na saa nne asubuhi ya tarehe 14 Februari 2019 akamuuliza Fiorenza, "Imefika?" naye, aliyelelewa asiseme uongo, akajibu, "Bado, Baba," marehemu akageukia ukutani, akakata roho kabla ya adhuhuri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu na wabunge wenzake, hata wale waliompinga, pamoja na wazee wa mkahawani, ambao jana walifika wote msibani na hakuna aliyethubutu kutania. Filimbi tumemtilia mfukoni. Treni haiji, Mwalimu. Acha sasa kungoja, pumzika kwa amani.